Blogu ya darasa, hatua kwa hatua: nilivyoachana na kusahihisha madesa

Kila mhula nilikuwa nakusanya kazi arobaini za "Eleza aina za udongo", na kwa kweli nilikuwa nasoma kazi moja mara arobaini. Wote walikuwa wamechota kwenye desa lile lile, yaani majibu ya kunakili yaliyoachwa na waliomaliza zamani. Mwaka mmoja neno lililokosewa herufi lilijirudia kwenye kazi kumi na moja. Sikuwalaumu sana. Mwanachuo anajua msomaji wake ni mmoja, majibu anayo tayari, na haja yake ni kumaliza rundo kabla ya Ijumaa. Nani ajisumbue kumweleza mtu jambo analolijua?

Nafundisha sayansi ya udongo ngazi ya diploma, Morogoro. Siku hizi wanaandikiana wenyewe kwenye blogu ya darasa. Ninavyoiendesha ni hivi. Mwenzangu wa historia au uhasibu atabadili mifano.

Hatua ya 1: Fungua blogu moja tu

Mara ya kwanza nilimwambia kila mmoja afungue ya kwake. Wiki ya pili nilikuwa na anwani 40, nywila zilizosahaulika na blogu mbili zenye picha za harusi. Usithubutu. Fungua blogu moja ya WordPress, kisha waalike kwa baruapepe. Kwenye nafasi ya kila mmoja chagua "Author", usichague "Contributor". Huyo wa pili haruhusiwi kupandisha picha wala kuchapisha mwenyewe, na utajikuta wewe ndiye karani wa kubofya kitufe saa tano usiku.

Karibu wote wanatumia simu. Waandike kwanza sehemu ya notsi bila kuwasha data, wakimaliza ndipo wabandike. Picha nazo hula bando: wajitumie kwanza kwa WhatsApp, itakayotoka huko inakuwa imepungua ukubwa.

Hatua ya 2: Funga mlango

Iweke blogu kwenye faragha, waione wanadarasa tu. Mtu haandiki "hapa sijaelewa" mbele ya dunia nzima. Halafu kuna sheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na mwaka ukiisha 1,000,000 nyingine. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo ukitaka kuifungulia umma, anzia kwa mwanasheria wa chuo.

Hatua ya 3: Uliza kisichodeseka

"Eleza aina za udongo" linadeseka. Hili halideseki: "Chota udongo wa kwenu au wa nyuma ya bweni. Jaza theluthi ya chupa ya maji ya dukani, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa sana, iache itulie. Tueleze ulichoona na unavyokielewa. Maneno 300, picha moja." Akili unde inaweza kukuandikia insha safi kuhusu udongo wa mfinyanzi, lakini haikuiona chupa yako.

Swali linalompeleka mtu kwao huleta mambo ambayo hukuyategemea. Mwanachuo wa Mbinga aliandika kuhusu ngoro, yale mashimo ya Wamatengo kwenye mashamba ya mlimani: nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufukiwa juu yake, mvua ikija maji yanatuama shimoni badala ya kushuka na shamba. Mimi mmomonyoko nilikuwa naueleza kwa slaidi thelathini.

Hatua ya 4: Waache waandike Kiswahili

Hapa wenzangu wengi hawakubaliani nami, maana mtihani ni wa Kiingereza. Najua. Lakini istilahi za Kiingereza mtu anaweza kuzipanga zikasimama zenyewe, naye hayumo. Akiambiwa amweleze mwenzake kwa Kiswahili kwa nini udongo wa kichanga haushiki mbolea, lazima ajue kinachotokea pale chini. Mtihani ukifika, Kiingereza kinaongezwa juu ya kitu kilichopo.

Hatua ya 5: Piga marufuku "ubarikiwe"

Maoni ya wiki ya kwanza yalikuwa hivi: "Asante kwa somo zuri." "Umetisha." "Ubarikiwe mtumishi." Heshima tele, elimu hakuna. Ndipo nikaweka sharti: kila wiki uache swali moja kwenye andiko la mwenzako, na swali litokane na jambo lililoandikwa pale, ulitaje.

Hatua hii ndiyo inayobeba kazi yote. Binti mmoja alitikisa chupa yake, akasubiri dakika kumi, akapima kwa rula. Chini mchanga sentimita tatu, juu yake silti, chembe laini kuliko mchanga, sentimita moja. Akahitimisha: "Udongo wetu hauna mfinyanzi." Alichora jedwali, hesabu zake za asilimia zilikuwa sawa kabisa. Mimi ningeweka msalaba mwekundu na kuandika "Soma tena." Mwenzake aliyeitazama ile picha aliuliza hivi: "Dada, na hayo maji ya rangi ya chai hapo juu ni nini?"

Kimya cha siku nzima. Kisha akajibu kwamba hakuitupa chupa, na asubuhi juu ya silti kulikuwa na utando mwembamba ambao jana haukuwepo. Mfinyanzi ulikuwepo muda wote, ukielea. Chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, haziwezi kutua kwa dakika kumi. Kipimo hicho kilikuwa kwenye notsi zake tangu wiki ya pili.

Hatua ya 6: Kaa kimya saa 48

Ngumu kuliko zote, kwangu. Ukiona kosa, mkono unawasha. Lakini mwalimu akishaweka jibu, mjadala unafungwa, wengine wanaandika "Asante mwalimu" na kulala. Nasubiri siku mbili. Kosa likiwa bado limekaa bila kuguswa, naingia, nami kwa swali.

Gawa darasa makundi manne ya watu kumi. Wiki hii kundi moja linaandika, matatu yanauliza. Maandiko kumi kwa wiki yanasomeka hata ukiwa na vipindi vingi.

Hatua ya 7: Andiko lirudiwe, na alama zifuate hapo

Baada ya wiki moja mwandishi hurekebisha andiko lake na kuongeza aya mwishoni: nilidhani nini, nani aliniuliza, sasa naona nini. Kati ya alama 40 za kazi za darasani, blogu inachukua 15: andiko la kwanza 4, maswali uliyowauliza wenzako 5, marudio 6. Kosa la andiko la kwanza halikatwi alama. Ukilikata, wanarudi kwenye desa wiki hiyo hiyo, mimi nimeliona.

Mhula huu nina wawili wasio na simu janja. Wanaandika kwenye karatasi, CR, yaani kiongozi wa darasa, anapiga picha na kuipandisha, na maswali wanayoulizwa nawasomea kabla ya kipindi kuanza. Wanachelewa siku mbili tatu, kwa hiyo wao nimewasogezea tarehe ya marudio.