Somo: Kuomba mafao ya ulemavu Marekani ukiwa bado kazini na kwenye tibakemikali

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko Marekani ambao wamegunduliwa kuwa na saratani, wameanza matibabu, na bado wanaamka alfajiri kwenda kazini kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri mtu apone. Mimi mwenyewe nilihudumia wazee katika makao yao kwa miezi kadhaa huku nikitibiwa saratani ya titi, na ombi langu la kwanza lilikataliwa. Lilikataliwa kabla mtu yeyote hajafungua jalada langu la hospitali, kwa sababu ya namna nilivyoeleza habari za mshahara wangu. Kwa hiyo msinishangae nikikaa sana kwenye hatua ya pili na ya tatu, kisha nikapita haraka kwingineko.

Hatua ya kwanza: jua unaomba nini

Yako mafao ya aina mbili, na watu huyachanganya. SSDI ni bima ya ulemavu uliyokwisha kuilipia kwa makato ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) yanayoonekana kwenye kila hati yako ya mshahara. Ili uipate, lazima uwe na alama za kazi za kutosha: mwaka 2025 alama moja ilipatikana kwa kila dola 1,810 za mapato, na kwa mwaka mzima huwezi kupata zaidi ya alama 4. Mwenye umri wa miaka 31 au zaidi kwa kawaida hutakiwa awe na angalau alama 20 alizozipata ndani ya miaka 10 kabla ya kupata ulemavu. Mtu aliyefika nchini miaka mitatu iliyopita akiwa na miaka arobaini hatazifikisha, hata kama amefanya kazi kila siku.

Aina ya pili, SSI, haiangalii alama, bali inaangalia umaskini. Mali ya mtu mmoja isizidi dola 2,000, na ya mke na mume isizidi 3,000, ingawa nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Kwa mgeni, aina ya kibali cha ukaazi nayo huamua mengi. Unaruhusiwa kuomba yote mawili kwa pamoja, na kama huna uhakika, omba yote mawili.

Hatua ya pili: upime mshahara wako kabla hujapiga simu

Hapa ndipo nilipoangukia. Swali la kwanza ambalo ofisi ya Hifadhi ya Jamii hujiuliza ni kama mapato yako ya kazi yanavuka kikomo cha mwezi. Ugonjwa huja baadaye. Kwa mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa dola 1,620 kwa mtu asiye kipofu, na kwa kawaida hubadilika kila Januari, hivyo angalia cha mwaka unaoombea. Ukikivuka, ombi hukataliwa papo hapo, hata kama saratani imesambaa. Usipokivuka, kufanya kazi hakukuzuii kuomba, na jambo hili wengi wetu hatulijui: tunasubiri mpaka tuanguke kabisa ndipo tuombe, na miezi inapotea.

Kinachohesabiwa ni mshahara kabla ya makato, si kile kinachoingia benki. Zaidi ya hapo, kwa SSDI pesa huhesabiwa katika mwezi ulioifanyia kazi, si mwezi uliolipwa. Nitawapa mfano wangu. Nilipunguza zamu mpaka saa 18 kwa wiki, kwa dola 19 kwa saa, yaani dola 342 kwa wiki. Hata mwezi wa siku 31 ulikuwa haufiki dola 1,520. Lakini nililipwa kila baada ya wiki mbili, na ukatokea mwezi mmoja wenye malipo matatu ya dola 684, jumla dola 2,052. Mimi kwa haraka zangu nikaandika kwenye fomu kile nilichokiona benki. Aliyesoma aliona nimevuka kikomo, na kwa karatasi aliyokuwa nayo mkononi hakukosea.

Yapo pia mambo ya kutoa kwenye hesabu. Malipo ya likizo ya ugonjwa na ya mapumziko si malipo ya kazi uliyofanya, hivyo yatenganishe. Gharama unazolipa mwenyewe, bila kurudishiwa na bima, kwa ajili ya kitu unachokihitaji kutokana na ugonjwa ili uweze kufanya kazi, hupunguzwa kwenye mapato. Kwa mfano fungu lako la bei ya dawa za kuzuia kichefuchefu. Tunza risiti. Na kama mwajiri anakulipa mshahara mzima kwa kazi ambayo nusu yake inafanywa na wenzako, ile sehemu ya huruma nayo inaweza kutolewa, ila lazima mwajiri aithibitishe kwa maandishi.

Hatua ya tatu: ieleze kazi jinsi unavyoifanya, si jinsi inavyoitwa

Utajaza fomu kadhaa, na tatu ndizo zenye uzito: SSA-3368 inayoeleza ugonjwa na kazi zako za nyuma, SSA-821 inayoeleza kazi unayoifanya sasa, na SSA-3373 inayoeleza siku yako inavyokwenda. Kosa letu ni heshima. Tumelelewa kusema "namshukuru Mungu, najikongoja," na sentensi hiyo ikifika kwenye fomu humaanisha kwamba unaweza kufanya kazi.

Anza daftari siku ya dripu ya kwanza. Mzunguko wangu ulikuwa wa siku 21, na mwili wangu haukuwa mmoja ndani ya siku hizo. Siku ya dripu na kesho yake nilikuwa na nguvu za ajabu, nikifagia nyumba saa saba za usiku, kwa sababu ya deksamethazoni, dawa ya steroidi niliyopewa pamoja na tibakemikali. Siku ya tatu hadi ya sita nilikuwa gogo. Wiki ya pili chembe nyeupe za damu zilishuka, na muuguzi wa kliniki akanikataza kumkaribia mzee yeyote mwenye kikohozi. Wiki ya tatu nilifanana na mzima, na hiyo ndiyo wiki ambayo msimamizi wangu aliikumbuka alipoulizwa. Bila daftari, ningekuwa na neno langu dhidi ya lake.

Usiandike "nachoka sana." Andika hivi: "Kabla ya ugonjwa nilihudumia wazee 8 kwa zamu, sasa nahudumia 3, na mwenzangu ndiye anayewainua. Nikimaliza kutandika kitanda kimoja, hukaa kitini dakika 15 kabla ya kingine. Vidole vimekufa ganzi kwa sababu ya paklitakseli, dawa yangu ya tibakemikali. Sifungi vifungo vya shati, na Jumanne kikombe kilinidondoka mara mbili." Usahaulifu nao uandikwe. Wengine huuonea haya, lakini aliyetoa dawa ya mtu kisha asikumbuke kama ameitoa ana jambo zito la kueleza kuliko mwenye maumivu ya mgongo.

Wala usifiche kazi. Makato yako ya kodi yako mikononi mwa ofisi hiyohiyo unayoiomba.

Hatua ya nne: zungumza na daktari wako kuhusu anachoandika

Daktari wa saratani akiandika "anastahimili matibabu vizuri," ana maana kwamba dozi haikuhitaji kupunguzwa. Mwamuzi wa ulemavu husoma kwamba huna tatizo. Wengi pia huandika namba ya ECOG, kipimo cha jinsi ugonjwa unavyomzuia mtu katika shughuli zake, kinachoanzia 0 kwa mgonjwa asiye na kizuizi chochote. Namba 1 humaanisha anaweza kazi nyepesi au ya kukaa, na 2 humaanisha anajihudumia mwenyewe lakini hawezi kazi yoyote. Soma kumbukumbu zako kwenye akaunti ya mgonjwa. Mimi nilikuwa 1 kwa miezi minne kwa sababu kila nilipoulizwa hali nilijibu "nzuri." Sikumwomba daktari abadilishe kitu, nilimsomea daftari, naye akaanza kuandika alichokisikia.

Kisha mwombe barua fupi yenye vipimo: unaweza kukaa na kusimama saa ngapi, kuinua kilo ngapi, na utakosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Pamoja na barua ziwepo ripoti ya patholojia, ripoti ya upasuaji, picha za CT au PET, na ratiba ya dawa.

Hatua ya tano: tuma

Unaweza kuomba kwa mtandao kwenye ssa.gov, kwa simu 1-800-772-1213, au ofisini. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure, na nashauri umtumie hata kama una mtoto anayejua Kiingereza, maana mtoto hatatamka mbele ya mgeni kwamba mama yake hujisaidia kitandani. Saini fomu SSA-827 ya kuruhusu hospitali itoe kumbukumbu.

Baadhi ya saratani, kwa mfano ya kongosho na ya mapafu ya seli ndogo, zimo kwenye orodha ya huruma iliyoanzishwa mwaka 2008, na maombi yake huharakishwa. Nyingine nyingi husubiri, kwa kawaida miezi 6 hadi 8.

Hatua ya sita: hesabu miezi

SSDI ina miezi mitano kamili isiyolipwa. Ulemavu ukihesabiwa kuanzia Machi 14, miezi hiyo ni Aprili hadi Agosti, mwezi wa kwanza wa haki ni Septemba, na pesa yake huingia Oktoba. Medicare, bima ya afya ya serikali, huja baada ya miezi 24 ya haki ya mafao, kwa hiyo usiache kazi yenye bima ya afya kabla hujajua utatibiwa kwa bima ipi. SSI haina miezi hiyo mitano.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo dada. Mimi naendesha lori dogo la mizigo, nina saratani ya utumbo mpana, na daktari amesema tibakemikali itaisha baada ya miezi sita. Nimesikia lazima ulemavu uwe wa miezi 12. Je, nisijisumbue?

Jibu: Marahaba kaka, pole sana. Sharti ni kwamba hali ya kukuzuia kazi idumu, au itarajiwe kudumu, angalau miezi 12 mfululizo, lakini hawahesabu dripu peke yake. Kama dawa yako ni oksaliplatini, ganzi ya miguu inaweza kuendelea muda mrefu baada ya dripu ya mwisho, na mtu asiyehisi pedali haendeshi lori. Jumlisha muda wa upasuaji, wa matibabu na wa mabaki yake, na mwombe daktari aandike anatarajia nini baada ya matibabu. Kama kweli utarudi barabarani mwezi wa nane, SSDI si njia yako. Ulizia bima ya muda mfupi ya mwajiri, au ya jimbo. California, New York, New Jersey, Rhode Island na Hawaii zinayo.

Swali: Nikiomba, bosi akijua, si nitafukuzwa? Ninatibiwa kila Alhamisi na tayari ananuna.

Jibu: Ofisi inaweza kumwandikia mwajiri kuuliza kuhusu kazi yako, kwa hiyo usipange kwamba hatajua. Jilinde kwanza. Kama kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi karibu na kituo chako, nawe umefanya kazi hapo miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliopita, sheria ya likizo ya familia na ugonjwa ya mwaka 1993 inakupa wiki 12 zisizo na malipo, na unaweza kuzichukua Alhamisi moja moja. Sheria ya walemavu ya mwaka 1990 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, nayo inakuruhusu kuomba marekebisho kama kiti au zamu fupi. Omba kwa maandishi; kuna faida mbili, kwa sababu barua hiyohiyo itakuwa ushahidi kwenye ombi lako la mafao.

Swali: Mimi nasuka nywele nyumbani, sina hati ya mshahara. Kikomo kinanihusu?

Jibu: Kinakuhusu, ila kwa waliojiajiri huangalia pia saa unazofanya na thamani ya kazi yako katika biashara, si faida peke yake. Andika kila kichwa, saa zake, na aliyekusaidia. Kama ulikuwa unamaliza rasta kwa siku moja na sasa unazigawa kwa siku tatu huku binti yako akikusaidia nyuma, hiyo ndiyo habari wanayoihitaji. Na kama hukuwa unalipa kodi ya kujiajiri, alama za SSDI hazikuingia, angalia SSI.

Swali: Nimekataliwa juzi. Rafiki ananiambia niombe upya tu.

Jibu: Usiombe upya, kata rufaa. Una siku 60 tangu upokee barua, na wao huchukulia kwamba umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ukianza ombi jipya unaweza kupoteza miezi ya nyuma, kwa kuwa SSDI hulipa miezi isiyozidi 12 kabla ya tarehe ya ombi. Rufaa ya kwanza ni fomu SSA-561. Ikishindikana unaenda mbele ya jaji. Wakili hatakiwi kukudai pesa mkononi ili akuwakilishe, kwani ada ya kawaida ni robo ya malimbikizo ya mafao yako, na mwaka 2025 haikuruhusiwa kuzidi dola 9,200. Yangu nilishinda katika rufaa ya kwanza bila wakili, kwa hati za zamu zilizoonyesha saa za kila wiki, barua ya msimamizi, na nakala ya daftari.

Swali: Dada, nimeshapata mafao, matibabu yamekwisha, nami natamani kurudi kazini taratibu. Nikianza watakata mara moja?

Jibu: Hapana, kama ni SSDI. Una miezi 9 ya kujaribu kazi ndani ya kipindi cha miezi 60, na katika miezi hiyo hupokea mafao kamili hata mshahara ukivuka kikomo, mradi ugonjwa haujahesabiwa kuwa umepona. Mwaka 2025 mwezi ulihesabiwa wa majaribio ulipopata zaidi ya dola 1,160 kabla ya makato. Toa taarifa siku unayoanza, na udai risiti ya taarifa hiyo.