Ukipata kinu cha zamani cha pamba, usianze na rangi

Kinu chetu kiko nje kidogo ya Kisumu, mahali ambapo upepo wa ziwa bado unafika. Kuta za matofali mekundu, kenchi za chuma, milango miwili mipana inayotazama barabara. Juu ya mlango mmoja pameandikwa SAFI, juu ya mwingine FIFI. Ndivyo pamba ilivyopokelewa: nyeupe huku, yenye madoa kule, kila moja na bei yake. Kilimo cha pamba kilipodorora miaka ya 1990, mashine zikanyamaza na popo wakahamia. Mimi na mume wangu tulikikodi kwa mkataba mrefu, na leo watu wanafungia harusi humo. Nitaeleza kazi kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza leo.

Kabla hujaweka sahihi popote, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize kama ploti hiyo inaweza kubadilishwa matumizi kutoka kiwanda hadi ukumbi. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inadai kibali, na bila hicho pesa zote utakazomwaga ni za kubahatisha. Waulize pia Makavazi ya Kitaifa kama jengo limetangazwa kuwa turathi chini ya sheria ya 2006, kwa sababu likiwa limetangazwa huwezi kugusa hata dirisha bila idhini yao. Cheti cha zimamoto, NEMA (mamlaka ya mazingira) na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi watafuata. Weka faili moja, usiache karatasi kwa fundi.

Kisha kaa na jengo masika yote, Machi hadi Mei, bila kununua hata kopo la rangi. Mimi nilikuwa na boksi la chaki na daftari. Kila tone lilipoangukia sakafuni nilichora duara, nikaandika tarehe ndani yake. Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa na maduara 41. Fundi wa kwanza alikuwa amenihesabia mabati mapya ya paa zima. Lakini nilipopanda ngazi nikatazama chini, niliona maduara mengi yamejipanga mstari mmoja, chini ya mfereji ulio kati ya mapaa mawili. Mfereji huo ulikuwa umejaa kinyesi cha popo na majani ya mwarobaini, maji yakawa yanarudi nyuma na kupenya chini ya mabati. Tulibadilisha mfereji, tukaziba matundu machache, basi.

Neno moja kuhusu paa. Kama si mabati bali ni mashiti ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayokatika kama biskuti, huenda ni asbesto. Usitoboe, usivunje, usifagie vumbi lake. Kanuni zetu za taka zinaihesabu kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Sasa nyuzi. Hili ndilo linaloninyima usingizi kila nikisikia mtu amenunua kinu. Pamba ikichambuliwa miaka mingi, vumbi lake hupanda na kulala juu ya kenchi, ndani ya mifereji ya waya, nyuma ya mbao. Kutoka chini huoni kitu. Sisi tulimwita fundi wa kuchomelea vyuma kabla ya kusafisha juu. Cheche moja iliruka, na moto ukakimbia juu ya boriti kama mtu anayefukuzwa, mita sita hivi, haraka kuliko nilivyoweza kupiga kelele. Tuliuzima kwa sababu kulikuwa na pipa la maji la kuchanganyia chokaa. Kijana mmoja aliungua mkono, na kosa lilikuwa letu. Kwa hiyo: safisha kutoka juu kwenda chini, kwa mashine ya kufyonza na vitambaa vibichi, watu wakiwa wamefunga barakoa. Ng'oa nyaya zote za zamani. Baada ya hapo ndipo mwenye moto aingie, na mtu asimame kando yake na ndoo mpaka saa nzima ipite baada ya kazi.

Kuta za matofali ya zamani usizizibe nyufa kwa saruji. Angalia udongo uliopo katikati ya matofali: ukikwaruzika kwa ukucha na kuacha unga mweupe, hiyo ni chokaa. Chokaa hupumua, unyevu hutoka nje kupitia hapo. Ukiweka saruji ngumu, unyevu utatafuta njia kupitia tofali lenyewe, na baada ya mvua kadhaa uso wa tofali utaanza kubanduka kama maganda. Tumia chokaa na mchanga. Inachelewa kukauka, mwache fundi achelewe.

Kabla ya kuning'iniza taa au spika kwenye kenchi, mlipe mhandisi wa miundo azipime kutu. Fungua njia za kutokea pande zinazotazamana, milango isukumwe kwenda nje. Halafu chora meza kwa chaki. Meza ya duara ya mita 1.5 hukalisha watu 8, lakini viti vikivutwa inameza duara la mita 3, na mhudumu mwenye sinia bado anataka njia. Ukumbi niliodhani ni wa watu 400 ulikuwa wa 260. Afadhali chaki ikwambie mapema kuliko bibi harusi.

Piga makofi mara moja katikati. Mwangwi ukizunguka, hotuba hazitasikika hata ukileta spika za uwanja wa mpira. Tulitundika mapazia mazito ya pamba, tukayaacha mbali kidogo na ukuta, na sauti ikatulia. Taa za nje ziwe za manjano, mbali na mlango, kwa maana visubi wa ziwa wakiinuka kama moshi hufuata mwanga mweupe mpaka ndani ya keki.

Kuna mizani ya chuma pale mlangoni, sahani yake imelainishwa na magunia. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili. Siku moja mzee wa hapa jirani aliingia, akaiwekea kiganja, akanyamaza. Kisha akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hapa ndipo karo yangu ilipopimwa." Baba yake alikuwa akileta pamba kwa baiskeli. Tuliitia mafuta, tukaifunga isicheze, na haiondoki. Wala maandishi ya milangoni hatukuyapaka rangi upya. Maharusi wote wanaingilia SAFI. FIFI ni mlango wa jikoni.

Shughuli ya kwanza iwe ndogo, mchana, ya watu watakaokusamehe. Sisi tuliwapa kwaya ya kanisa bure, nusu ya idadi. Tukajifunza kwamba vyoo havitoshi, kwamba gari la maji haligeuki langoni, na kwamba mvua juu ya mabati humeza kila neno. Mvua ya hapa aghalabu huja alasiri, kutoka upande wa milima ya Nandi. Sasa nikiona mawingu yamejikusanya kule saa nane, namwendea msema chochote na kumwambia asogeze hotuba mbele, wapishi wapakue chakula saa tisa, mvua ikipiga watu wakiwa wanakula.