Kupiga Picha Michoro ya Nyero Bila Flashi

Safari yangu ya kwanza Nyero, penye michoro ya kale ya miambani mashariki mwa Uganda, nilirudi mjini Mbale na picha nyingi, zote mbovu. Mwamba mzima ulikuwa umeiva wekundu, hata pale pasipochorwa kitu. Nililaumu kamera, nikalaumu lenzi, kumbe mkosaji ni fulana yangu nyekundu! Shata, yaani kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, ikikaa wazi sekunde 4 nawe umesimama karibu na ukuta, nguo yako inageuka taa. Siku hizi navaa kijivu.

Ukiwa Kumi mjini, panda boda uelekee njia ya Ngora, ni kama kilomita 8. Lipa kiingilio, chukua mwongoza wageni, na umwambie mapema kwamba una stendi ya kamera na utakawia. Ukikuta watu wamekuja kuomba, weka kamera begini kwanza. Mahali hapa watu waliombea mvua tangu zamani, si jumba la maonyesho tu.

Miamba yenye michoro imepewa namba. Anza na Nyero 2, penye maduara mekundu, duara ndani ya duara, na umbo refu ambalo wengi huliita mtumbwi. Si giza totoro. Tabu ni kwamba nje jua linawaka na ndani ni kivuli, kamera inachanganyikiwa. Siku ya mawingu ndiyo siku yako. Flashi iache kabisa: ukiimulika granaiti uso kwa uso inameremeta, na rangi hafifu inapotea. Mimi hubeba shuka jeupe la kitandani. Mwenzangu analishika nje, penye jua, mwanga unadunda na kuingia ndani taratibu. Linashinda taa nyingi za bei.

Kamera iwe kwenye stendi, imetazamana sawasawa na ukuta. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na saa ya kuchelewesha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, kila mchoro mara tatu: mwanga wa kati, pungufu, na uliozidi. Picha ya kwanza iwe na kadi ya rangi na rula, lakini zishikwe mkononi. Usiziegemeze kwenye mwamba.

Kuna wanaorushia mchoro maji ili rangi ikolee. Tafadhali, usifanye hivyo. Maji huyeyusha chumvi za jiwe, yakikauka yanaziacha juu kama utando mweupe, nao hautoki. Wekundu uliofifia utafute kwenye kompyuta, kwa DStretch, programu aliyoitengeneza Jon Harman kwa ajili ya michoro ya miambani. Rangi zitakazotokea ni za uongo, zinasaidia jicho tu, kwa hiyo picha halisi usiifute.

Nyero 3 ina maduara meupe, yamechorwa upande wa chini wa jiwe kubwa lililokalia mengine. Hapo stendi naikunja, natandika mkeka, nalala chali na kuilaza kamera juu ya mfuko wa mchele, lenzi ikitazama juu. Mwenye kitambi achunge kisiingie kwenye fremu.