Somo: Lori la namba za Kenya likishashusha Tanga, lipakie nini?

Wadau, kila msimu wa machungwa napigiwa simu ileile. Lori limetoka Mombasa, limeshusha Tanga mjini, mwenye lori hataki lirudi tupu, na kuna mtu ana mzigo wa Dar. Mimi ni wakala wa forodha Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na hapa ndipo naona watu wakiumia.

Hatua ya 1. Kabla ya kuulizana bei, uliza mzigo unapakiwa wapi na unashushwa wapi. Lori la namba za nje linaruhusiwa kuleta mzigo nchini, kuchukua mzigo wa kwenda nje, au kupita kwenda nchi nyingine. Kupakia Muheza na kushusha Dar es Salaam ni usafirishaji wa ndani, wenyewe huuita kabotaji, na kazi hiyo ni ya magari yaliyosajiliwa hapa yenye leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Machungwa yaleyale ya Muheza yakishushwa Mombasa, hakuna kosa.

Usiku mmoja niliitwa kwa kijana aliyekamatwa na saruji ya kwenda Segera. Hakujua kosa lake, na aliyempa kazi alishazima simu. Alilala kwenye kebini siku nne. Nilimwonea uchungu sana, ndiyo maana naanza na hatua hii.

Hatua ya 2. Makaratasi ya kuingia. Kibali cha gari kina tarehe ya mwisho, isome. Bima iwe Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi inatambulika huku. Msiichanganye na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni ya dereva na utingo wake.

Hatua ya 3. Mzigo wa kurudi utafutwe lori likiwa bado Mombasa. Kwa machungwa, muuzaji atafute cheti cha afya ya mimea TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya hapa, na mnunuzi wa Kenya ashughulikie kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa kwao. Chukueni na cheti cha uasili wa bidhaa ili kupata nafuu ya ushuru ya Afrika Mashariki. Shehena isiyozidi dola 2,000 ina cheti chake kilichorahisishwa.

Hatua ya 4. Mizani. Kikomo cha jumla ni tani 56 kwa magari makubwa kabisa, lakini kila ekseli nayo hupimwa. Pangeni vizuri.

Maswali ya wanachama

*Kaka, dereva wangu ni Mtanzania wa Pangani kabisa. Hapo je?*
Haibadilishi kitu, ndugu yangu. Kinachoangaliwa ni usajili wa lori.

*Nimeleta mzigo wa Mombasa, nusu nashusha Tanga, nusu Dar. Ni kosa?*
Si kosa, mradi vituo vyote viwili viko kwenye nyaraka tangu mpakani. Ile nafasi iliyobaki wazi Tanga usiijaze mzigo wa Dar.

*Shikamoo. Mimi nataka kufanya kazi za ndani moja kwa moja na lori langu la Kenya.*
Marahaba. Basi liingize rasmi: lilipie ushuru na kodi, lisajiliwe TRA lipate namba za hapa, kisha omba leseni LATRA. Piga hesabu ya kodi kwanza, mama, maana kwa lori la zamani huenda ukaona heri kununua lililokwisha kusajiliwa Tanga.