Namna ya kufuatilia viota vya shore msimu wa kuzaliana

Kwa anayeanza, ndege ninayempendekeza ni shore. Anapatikana mashambani, vichakani na hata kwenye bustani za mjini, hatishwi sana na watu, na hutaga zaidi mvua zinapoleta wadudu na matunda.

1. Tafuta kwa macho, si kwa fimbo. Kaa mbali na darubini, utulie. Ndege aliyebeba nyasi anajenga. Aliyeshika mdudu mdomoni bila kummeza ana makinda. Anayeingia kichakani asitoke kwa muda mrefu huenda anaatamia. Kupekua matawi ni vibaya kabisa: ukivunja machache tu, kivuli kimeondoka na kiota kimebaki wazi.

2. Weka alama. Funga utepe mdogo mita 5 hadi 10 kutoka kwenye kiota, wala si juu yake. Upande na kimo viandike daftarini.

3. Tembelea kila baada ya siku 3 au 4. Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pengine pote. Usifike kwenye kiota kisha ukageuka na kurudi ulikotoka, maana utakuwa umewachorea wala mayai njia inayoishia mlangoni kwa ndege. Pita kando, chungulia, endelea mbele. Tumia kioo kidogo kilichofungwa kwenye fito ili usiinamishe tawi. Dakika moja inatosha. Ukiona kunguru au tumbili karibu, pita kama hujui kitu. Wote wawili wanatazama unapotazama wewe. Wakati wa mvua au jua kali usimwondoe mzazi juu ya mayai. Makinda wakishaota manyoya, tumia darubini tu, kwani wakishtuka wataruka kabla ya wakati na hawatarudi kiotani.

4. Andika papo hapo. Tarehe, saa, idadi ya mayai, idadi ya makinda, hali ya manyoya yao, na wazazi walikuwa wakifanya nini. Ukikuta kiota kitupu, usikimbilie kuandika kwamba wameruka. Sikiliza: wazazi wanaopiga kelele huku wamebeba chakula jirani ni dalili njema. Mayai yaliyotoweka kabla ya kuanguliwa, au kiota kilichochanika, ni hasara.

5. Hesabu siku, si viota tu. Tuseme umefuatilia viota 10 na 4 vikafanikiwa. Utasema asilimia 40, lakini hiyo imezidi ukweli, kwa sababu viota vilivyoliwa siku za mwanzo hukuwahi kuviona. Harold Mayfield, mtafiti wa ndege wa Marekani, alionyesha njia bora mwaka 1961. Jumlisha siku zote ambazo viota vilikuwa hai chini ya macho yako. Kiota kilichopotea kati ya ziara mbili kihesabu hadi katikati ya muda huo. Ukipata siku 150 na hasara 6, gawa 6 kwa 150: uwezekano wa kupotea ni 0.04 kwa siku, na wa kusalimika ni 0.96. Kwa shore, kuatamia na kulea makinda huchukua takribani wiki nne, hivyo zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 28. Utapata kama 0.32, yaani asilimia 32.

Na ukitaka kuwashika ndege au kuwavisha pete za utambulisho miguuni, tafuta kwanza kibali na mafunzo. Kazi niliyoeleza hapa haihitaji kumgusa ndege hata mmoja.