Kuiandaa nyumba ya Minnesota kabla baridi haijaingia: anza na maji

Miezi ambayo kwetu ni ya mvua za vuli, hapa Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ndiyo ya kufunga nyumba. Majani hupukutika, maji huanza kuganda usiku ndani ya Oktoba, na ifikapo Januari wastani wa baridi ya usiku huwa karibu nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Nimefanya kazi ya matengenezo ya nyumba katika mji huu kwa miaka mingi, na wateja wangu wengi ni Waswahili wa Kongo, Kenya na Tanzania wanaokaa kwa mara ya kwanza katika nyumba iliyo chini ya uangalizi wao wenyewe. Karibu wote huanza na madirisha, kwa kuwa upepo wa dirishani ndio wanaousikia mwilini. Mimi huwaomba waanze na maji. Dirisha linalopitisha upepo huongeza bili ya gesi, lakini bomba lililopasuka huharibu sakafu, kuta na kila kilicho chini yake kwa saa chache, kwani maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na bomba la shaba halina nguvu ya kuyazuia.

Hatua ya 1: Bomba la nje, kabla Septemba haijaisha

Fungua mpira wa kumwagilia maji kutoka kwenye bomba la nje, umwage maji yaliyomo, kisha uuhifadhi ndani. Halafu shuka chini ya nyumba, ufuate bomba hilo linakoingilia ukutani, na utafute koki yake ya ndani. Ifunge, rudi nje ufungue bomba, na uliache wazi mpaka maji yote yaliyobaki yatoke. Koki nyingi za ndani zina kifuniko kidogo ubavuni. Weka ndoo chini yake na ukifungue pia, maana hapo hubaki maji yasiyoweza kutoka kwa nje. Yakiisha, kirudishe kifuniko hicho na ukikaze.

Nyumba nyingi za miaka ya karibuni zina bomba la nje lililoundwa lisigande, ambalo shina lake ni refu na sehemu inayozuia maji imo ndani kabisa, upande wenye joto. Bomba hilo hujikausha lenyewe likifungwa, ila kwa sharti moja: mpira usiwe umeachwa juu yake, kwa sababu mpira huyashikilia maji ndani ya shina. Mwaka wangu wa pili katika kazi niliusahau mpira katika nyumba moja niliyokuwa ninaisimamia. Majira yote ya baridi hakuna kilichoonekana. Mwezi wa Mei familia ilipofungua bomba ili kumwagilia bustani, maji yalitoka kwenye ufa uliokuwa nyuma ya ukuta, na chumba cha chini kilijaa kabla yeyote hajajua kwa nini. Ndiyo sababu hatua hii naiweka mbele ya nyingine zote.

Hatua ya 2: Gata na paa

Subiri majani yaishe kuanguka, kisha safisha gata, yaani mifereji ya maji ukingoni mwa paa, na uhakikishe mdomo wa chini unamwaga maji mbali na msingi. Gata safi, hata hivyo, haziwezi peke yake kuzuia ukuta wa barafu unaojitokeza ukingoni mwa paa. Barafu hiyo husababishwa na joto la nyumba linalopenya darini: theluji ya katikati ya paa huyeyuka, maji hutiririka hadi ukingoni ambako hakuna joto, huganda tena, na maji yanayofuata hukosa njia na kurudi chini ya vigae mpaka ndani ya kuta. Panda darini ukiwa na tochi. Penye tundu la waya, la bomba au la mfuniko wa kupandia, ziba kwanza, ndipo uongeze sufi ya kuhifadhi joto. Wengi huongeza sufi bila kuziba matundu, na joto huendelea kupita humo humo.

Hatua ya 3: Mtambo wa joto na moshi wake

Badilisha kichujio cha hewa sasa, na baada ya hapo ukikague kila mwezi. Washa mtambo siku yenye baridi ya wastani, ili kama una hitilafu uijue wakati mafundi bado wana nafasi.

Kisha zunguka nje utafute mabomba meupe ya plastiki yanayotoka ubavuni mwa nyumba. Kwa mitambo mingi ya kisasa hayo ndiyo huvuta hewa na kutoa moshi, na theluji ikiyafunika mtambo unaweza kuzima au gesi ya sumu ikarudi ndani. Ondoa vichaka vilivyo mbele yake, na theluji ikianza, yasafishe kila inapoanguka kwa wingi.

Gesi hiyo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Sheria ya Minnesota inataka king'ora chake kiwe ndani ya futi 10, yaani mita 3 hivi, kutoka kila chumba cha kulala. Kibonyeze ukijaribu na ubadilishe betri. Nawasihi wenzangu tuliokulia kwenye jiko la mkaa: usiliwashe ndani ya nyumba hizi wala ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, hata umeme ukikatika. Nyumba zimezibwa ili zisipitishe hewa, na mkaa huua watu waliolala.

Hatua ya 4: Upepo

Mlangoni weka mpira wa kuziba na ufagio wa chini, yaani ukanda unaoziba mwanya kati ya mlango na sakafu. Dirishani tia silikoni kabla baridi haijawa kali. Madirisha ya zamani yavishe plastiki nyembamba, uikaze kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Mpangaji akumbuke kwamba sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba atoe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili.

Hatua ya 5: Koki kuu

Itafute koki inayofunga maji ya nyumba nzima, ijaribu kama inazunguka, na uifunge kitambaa chekundu. Mwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba hiyo, kisha umwombe aifunge mwenyewe mbele yako. Usiku wa baridi kali acha wazi milango ya kabati zilizo chini ya masinki ya kuta za nje, uache maji yadondoke kidogo kidogo, na hata ukisafiri usishushe joto chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, yaani 13 hivi za Selsiasi.