Saa mbili za porini kila wiki, ukiwa Dodoma

Kazi yangu ni ya kukaa: asubuhi kwenye daladala, mchana mbele ya kompyuta, jioni kwenye kochi. Usingizi ulipoanza kunikataa, jirani yangu, mama wa Kigogo anayeuza ubuyu, akaniambia, “Mwanangu, kakae chini ya mti, siyo chini ya feni.” Nikacheka. Huu mwaka wa pili, sicheki tena.

Anza na kiasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionyesha kuwa waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili ndio waliosema zaidi kwamba wana afya njema. Kuzimaliza siku moja au kuzigawa, ni yale yale. (Labda wenye afya ndio wanaopenda kutoka. Hilo nalo lipo.) Mimi nazigawa: dakika 40 Jumatano jioni, 80 Jumamosi asubuhi.

Usisubiri hela ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Vilima vya Iyumbu, mashamba ya zabibu Hombolo, hata mbuyu mmoja nje ya mji, vyote vinatosha. Jumamosi toka saa 12 na nusu. Ikifika saa nne jua la hapa halina utani. Vaa viatu vya kufunika, maana mwiba wa mgunga ulipita kwenye ndala yangu kama sindano kwenye kitenge. Julai beba sweta, upepo wetu unaujua. Ukikutana na wachungaji, wasalimie kwa Kigogo, “Mbukwenyi”. Watakuonyesha hata njia fupi.

Kabla ya kukaa chini ya mbuyu, tazama juu kama kuna nyuki kwenye tundu la mti.

Halafu kaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanatembea kama wanaowahi basi. Simu ibaki begini. Dakika kumi za kwanza kichwa bado kitakuwa ofisini, kiache. Chagua kitu kimoja ukitazame. Kabla ya mvua, mimi hutazama maua ya mbuyu: meupe, makubwa, yanafunguka jioni popo wakaja, kesho yake yako chini. Mara ya kwanza harufu yake nilidhani kuna mzoga.

Kama usingizi umekukataa kwa wiki nyingi, mwone na daktari. Mimi nilianzia huko, naye alinipima presha kwanza.